Kilo moja ya naitrojeni ni shilingi ngapi?

Kama unafuga mbwa, tayari una shamba la majaribio nyumbani. Tazama pale anapozoea kukojoa kwenye nyasi. Katikati pamekauka, pamekuwa kahawia, na pembeni pamezungukwa na duara la kijani kibichi kuliko bustani nzima. Mkojo una naitrojeni nyingi: katikati imezidi ikaunguza, pembeni imefika kidogo ikarutubisha. Ukienda duka la pembejeo bila kujua kipimo chako, unaweza kununua duara la kijani au doa la kahawia kwa bei ile ile.

Vuli imekaribia. Huu ndio wakati wenye bustani, walimu wa michezo na wenye kumbi za wazi za harusi hukumbuka nyasi zao. Fedha ni kidogo, muuzaji ana maneno mengi. Tupige hesabu.

Naitrojeni ndiyo kirutubisho cha mbolea ambacho nyasi hukila kwa wingi kuliko kingine chochote. Ikipungua, majani yaliyozeeka ya chini hutangulia kuwa ya njano, nyasi huachana, na ndago huona nafasi. Ikiwepo ya kutosha, nyasi huchipua upya hata zikikanyagwa. Ikizidi, nguvu yote hupanda juu kwenye majani huku mizizi ikibaki mifupi. Ndiyo maana bustani iliyojazwa mbolea huwa ya kwanza kunyauka maji ya bomba yakikatika.

Sasa kwenye mfuko. Usitazame picha ya mahindi iliyochorwa mbele, tafuta namba. Urea ina naitrojeni asilimia 46. CAN ina 26 au 27, kutegemea mtengenezaji. SA, yaani salfeti ya amonia, ina 21. NPK ya 17-17-17 ina 17. Mfuko wa kilo 50 wa urea kwa hiyo una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN kama 13, wa SA kumi na nusu, na wa NPK hiyo nane na nusu. Kilichobaki kwenye mfuko ni vitu vingine: vingine vina kazi, vingine ni uzito wa kubebea tu.

Kipimo kinachokubalika kwa nyasi za bustani ni takriban gramu 5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mkupuo mmoja. Usizidishe hapo kwa mbolea inayoyeyuka haraka. Bustani ya mita za mraba 200 basi inahitaji kilo moja ya naitrojeni kila unapoweka. Kwa ukubwa huo hesabu inakuwa nyepesi, kwa sababu bei ya kilo moja ya naitrojeni ndiyo gharama ya kuweka mbolea mara moja.

Bei hupanda na kushuka kwa msimu na kwa mkoa, kwa hiyo nitatumia za mfano. Wewe weka za duka lako. Tuseme urea ni shilingi 80,000 za Tanzania kwa mfuko, CAN 70,000, SA 55,000 na NPK 90,000. Ukisoma bei hizo tu, SA ndiyo rahisi. Gawanya kwa kilo za naitrojeni zilizomo uone: urea inakuwa karibu 3,500 kwa kilo, SA 5,200, CAN 5,400, na NPK inapaa hadi 10,600. Ile iliyoonekana ya bei nafuu imepitwa, na mfuko ghali kuliko yote umekuwa ghali mara tatu.

Lakini usikimbilie urea bado.

Urea ikikaa juu ya nyasi zenye joto na unyevu kidogo, bila maji ya kuishusha ardhini, hugeuka kuwa amonia na kuondoka na upepo. Majani makavu yaliyorundikana chini ya nyasi huharakisha jambo hilo. Hasara ya asilimia 30 si ajabu kwenye mazingira kama hayo, na pwani tunayo mazingira hayo kila mchana. Ukipoteza asilimia 30, ile kilo ya 3,500 imekuwa 5,000, yaani umeifikia SA na CAN, na bado umebeba usumbufu.

Dawa yake ni maji, siku hiyo hiyo, mengi kiasi cha kuzamisha punje kwenye udongo. Milimita 10 tu kwenye mita za mraba 200 ni lita 2,000. Mwenye kisima hatajali. Anayenunua maji kwa boza apige hesabu kwanza, maana maji hayo yanaweza kuzidi bei ya mbolea yenyewe. Ndiyo sababu ya kusubiri vuli: weka jioni wakati wingu limeshafunga, nyasi zikiwa kavu ili punje zisigande kwenye majani na kuyaunguza, halafu mvua ikufanyie kazi bure. Mvua ya rasharasha au ya kadiri, lakini. Gharika hubeba mbolea yako mpaka kwenye mtaro wa jirani.

CAN haina tatizo kubwa la kupotea hewani. Nusu ya naitrojeni yake iko tayari kuliwa na mmea mara moja, kwa hiyo rangi hubadilika upesi, hata nyakati za baridi kule nyanda za juu. Ubaya wake ni kwamba nusu hiyo hiyo hutelemka na maji kwa wepesi. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Bamburi, mvua mbili kubwa zinaitoa kwenye mizizi. Ukiichagua kwa udongo wa mchanga, gawa kipimo mara mbili, nusu sasa na nusu baada ya wiki tatu hivi. Gharama ya mbolea ni ile ile, ila unalipa kwa jasho la mara ya pili.

SA ndiyo inayodharauliwa. Mfuko wake ni mzito kwa naitrojeni kidogo, lakini ina salfa, na ina sifa moja ambayo mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa angeithamini: haivuti unyevu haraka kama wenzake. Urea na CAN ukizifungua pwani ukaziacha wazi, baada ya muda unakuta bonge la kuvunja kwa nyundo. Kwa mtu anayetumia kilo chache kila baada ya miezi miwili, mbolea inayokaa ni fedha iliyookolewa.

SA pia huongeza tindikali kwenye udongo. Kwenye udongo wa matumbawe wa pwani hilo ni jambo jema, kwa sababu udongo huo umeegemea upande wa chokaa. Lakini kule kunakostawi chai, Lushoto, Njombe, Kericho, udongo tayari una tindikali ya kutosha, na SA ya kila mwaka itakudai chokaa ya kilimo baadaye. Deni hilo muuzaji hakuandikii kwenye risiti. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la nyasi lililo kwenye majaribio ya mbolea tangu 1856. Vipande vilivyopewa chumvi hiyo ya amonia mwaka hadi mwaka bila chokaa, pH ya udongo wake ilishuka chini ya 4, mimea ya aina nyingi ikatoweka, na nyasi zilizokufa zikatandazika juu bila kuoza. Bustani yako haitaishi miaka mia na zaidi ya namna hiyo, lakini mwelekeo ndio huo.

Sasa rudi kwenye hesabu yetu uone jambo la kuchekesha. Kwa bustani ya mita 200, tofauti kati ya urea na CAN ni kama shilingi 1,900 kwa mkupuo. Soda mbili. Ukiweka mara nne kwa mwaka, hujafikisha hata 8,000. Watu hubishana nusu saa dukani kwa ajili ya fedha hiyo, halafu wanarudi nyumbani kupoteza mara kumi yake bila kuiona.

Inapotelea kwenye kukata.

Tuseme kijana mwenye mashine anakutoza 20,000 kila anapokuja, mafuta yakiwa juu yake. Nyasi zako zilikuwa zinakatwa kila baada ya wiki mbili. Umemwaga mbolea mara mbili ya kipimo, kwa imani kwamba ikizidi ndiyo inanoga, na sasa ukoka unataka kukatwa kila wiki. Hizo ni safari mbili za ziada kwa mwezi, shilingi 40,000, kwa ajili ya mbolea ya 3,500 uliyoiongeza. Na ukisema umwite vile vile kila baada ya wiki mbili, atakuta majani marefu, atayakata kupita theluthi ya urefu wake, na bustani itabaki mabua ya njano kwa siku kadhaa. Sherehe ikiangukia siku hizo, utalaumu mbolea.

Kabla ya kuuliza bei ya mbolea, jiulize unaweza kulipia kukata mara ngapi kwa mwezi. Mbolea ifuate jibu hilo. Anayekata kwa fyekeo mara moja kwa mwezi hana haja ya kipimo kamili. Nusu yake, gramu mbili na nusu kwa mita, inamtosha, na nyasi zitamshukuru.

Bado kuna gharama ya pili iliyojificha hapo hapo kwenye kukata: kuzoa. Majani yaliyokatwa yana naitrojeni uliyoinunua. Ukiyaacha yakaoza palepale, yanaweza kurudisha hadi robo ya mahitaji ya mwaka. Wengi wetu tunamlipa kijana ayazoe, kisha tunamlipa mwenye guta ayapeleke jalalani, kisha tunanunua mbolea kufidia. Acha mafupi yadondoke. Zoa yale marefu tu yanayofunika nyasi zisipate mwanga, na hayo nayo yatandaze chini ya migomba.

NPK dukani huja na maneno matamu. "Mama, hii ina kila kitu." Ni kweli, ina fosforasi na potasiamu pia, na ndiyo maana unalipa zaidi. Fosforasi inahitajika hasa wakati wa kupanda, mizizi inapoanza kushika. Bustani mpya uipe NPK au DAP kidogo, iliyochanganywa na udongo kabla ya kupandikiza vipande. Bustani iliyokwisha kushika haina haja nayo kila mara. Fosforasi haitembei sana ardhini, inajilimbikiza. Mkupuo mmoja wa NPK kwa mwaka una maana kama unazoa majani yote, kwa kuwa potasiamu nayo huondoka nayo. Zaidi ya hapo unanunua namba usizozihitaji.

Busta za kupuliza ndizo zinazoniudhi zaidi. Chupa ya lita moja iliyoandikwa asilimia 20 ina kama gramu 200 hadi 250 za naitrojeni. Kufikia kilo moja ya bustani yetu ungehitaji chupa nne au tano. Linganisha bei ya chupa hizo na kilo mbili na robo za urea, ambazo zinafanya kazi ile ile. Busta ina nafasi yake pale unapotaka rangi ya haraka kabla ya Jumamosi ya harusi, na unajua kwamba Jumatatu utarudi ulipokuwa.

Samadi inaonekana ya bure mpaka uisafirishe. Ya ng'ombe iliyokauka ina naitrojeni kama asilimia moja na nusu hadi mbili, mbichi ni chini ya hapo. Kupata kilo moja ya naitrojeni unahitaji kilo 50 na zaidi za samadi kavu, na sehemu kubwa yake haitatoka msimu huu. Itatoka polepole, mwaka huu na ujao. Huo ni wema, si kasoro, hasa kwenye mchanga unaoshindwa kushika maji. Lakini jumlisha: kiroba, kupakia, kirikuu, kijana wa kutandaza. Kisha jumlisha mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Bustani safi ya paspalamu inaweza kuotesha kila gugu la kijiji kizima kwa samadi isiyoiva, na kung'oa magugu kwa mkono ni kibarua cha siku nyingi. Ukiinunua, chagua iliyoiva: haina harufu kali, haina joto ukiingiza mkono, inamong'onyoka kama udongo. Ya kuku ina nguvu zaidi na mbichi huunguza, mle mle kwenye hadithi ya mbwa. Na majivu, kwa wanaouliza, hayana naitrojeni, moto umeshaichukua.

Kuna mbolea za punje zilizofunikwa ganda, zinazotoa naitrojeni kidogo kidogo kwa miezi. Viwanja vya gofu na hoteli huzitumia. Ni ghali mara kadhaa kwa kila kilo ya naitrojeni, na hazipatikani duka la mtaani. Utaagiza kwa wanaohudumia mashamba ya maua, na usafiri juu. Faida yake ni ya kweli: nyasi hukua kwa mwendo mmoja na mtu wa kuweka mbolea haji mara kwa mara. Ila soma maandishi madogo. Miezi iliyoandikwa kwenye mfuko mara nyingi imepimwa kwenye joto la nyuzi 21 au 25. Udongo wa Dar es Salaam mwezi Februari hauko hapo, na ganda hutoa haraka kadiri joto linavyopanda. Miezi sita ya kwenye mfuko usiitegemee pwani. Kwa bustani ya nyumbani, siishauri.

Nyasi zenyewe zinakula tofauti. Ukoka na nyasi za Kikuyu ni walaji, huitika haraka, na zikilishwa sana hujenga chini yake godoro la mabua makavu ambalo maji hayapenyi. Yale majani mapana yanayouzwa Kenya kwa jina la nyasi za Pemba huvumilia kivuli, yape kidogo. Chini ya mwembe, kwa jumla, punguza nusu. Panapokosa mwanga naitrojeni haiwezi kuwa jua, na nyasi laini za kivulini ndizo zinazoshikwa na kuvu.

Njano nayo si mara zote njaa ya naitrojeni. Kama majani ya chini ndiyo yaliyotangulia kuwa ya njano, nenda kanunue. Kama machipukizi mapya ndiyo ya njano na ya zamani bado kijani, hasa kwenye udongo wa matumbawe, shuku upungufu wa chuma. Hapo urea itakupa majani mengi zaidi ya njano. Salfeti ya chuma kidogo hurudisha kijani bila kurefusha nyasi, kwa hiyo hakuna gharama ya kukata. Ifagie tu mapema isiguse vigae na saruji, maana huacha madoa ya kutu yasiyotoka.

Kwa shule yenye uwanja wa mpira, hesabu inageuka. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, sawa na kilo 36 hivi za naitrojeni kwa mkupuo. Kwa bei zetu za mfano, urea ni kama 125,000, SA 187,000, CAN 192,000, NPK 378,000. Hapa si soda tena. Hapa urea ndiyo jibu, kwa sharti la mvua, na mifuko miwili inatosha ikabaki kidogo. Shule isiyo na maji wala uhakika wa mvua ichukue SA au CAN kwa nusu kipimo, na fedha iliyobaki ilipie mchanga wa kujaza mashimo ya golini, ambako mbolea yoyote haitaotesha kitu mpaka miguu ipumzike.

Tukienda kununua. Mfuko wa kilo 50 wa urea kwa bustani ya mita 200 ni mikupuo zaidi ya 20. Hutaumaliza kabla haujawa jiwe. Chukua mfuko mdogo uliofungwa kiwandani, wa kilo mbili, tano au 10, ingawa kwa kilo utalipa zaidi. Au mchange majirani watatu mgawane mfuko mkubwa siku hiyo hiyo. Ya kupima kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa ni rahisi kuchanganywa, na huna namba ya kuisoma. Mwaka 2024 Kenya ilitikiswa na sakata la mbolea bandia iliyouzwa kwa mifuko mizima, kwa hiyo hata kufungwa pekee si kinga, dai risiti. Jaribio la nyumbani kwa urea: koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Huyeyuka yote, na glasi hupoa mkononi. Ikibaki michanga chini, irudishe. Na mbolea ya ruzuku imewekewa wakulima waliosajiliwa. Anayekuuzia pembeni kwa ajili ya bustani ya maua anakuingiza kwenye kesi yake.

Huna mizani? Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu ikijazwa urea hubeba takriban kilo 1.1, ambayo ni kipimo kamili cha mita za mraba 100. Gawa chupa hiyo nusu kwa nusu: nusu ya kwanza tembea ukirusha kutoka getini kuelekea nyumbani, nusu ya pili kutoka ukuta hadi ukuta. Ukirusha yote kwa mwelekeo mmoja utapata mistari ya kijani na ya njano.

Inayobaki itie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, uandike jina lake kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu urea nyeupe kwenye ndoo jikoni hufanana na chumvi. Iweke juu, mbali na watoto na mbuzi. Mbuzi akila urea iliyomwagika anaweza kufa siku hiyo hiyo, na bei yake unaijua.